Kila Ufa na Mwenyewe

Jamhuri ya Shwari usiitafute kwenye ramani. Wenyewe walikataa kuchorwa. Mchoraji alitaka kuonyesha na mabonde, na bonde ukilionyesha itabidi useme kwamba kingo zake zinaporomoka, na Shwari ukishasema jambo la namna hiyo, basi tena. Yatakayokupata utayaona huko mbele. Mimi nasimulia tu kama nilivyosikia. Sina ugomvi na mtu, na nikipita nchi ile macho yangu nayaweka kwenye viatu vyangu.

Zamani majengo ya Shwari yalikuwa yakianguka ovyo, bila utaratibu. Soko linaanguka, wiki haijaisha bweni nalo linalala, na daraja linasubiri msafara wa harusi upite juu yake. Kila jengo likianguka wananchi wanauliza swali moja la kukera: kosa ni la nani? Mkandarasi anamwonyesha kidole injinia, injinia anamwonyesha mchora ramani, mchora ramani anaionyesha mvua. Mvua ikafunguliwa kesi nyingi mno, mpaka kwenye mikoa ya kaskazini ikaacha kabisa kunyesha kwa woga.

Serikali ikaona aibu. Ikamwita mtaalamu kutoka nje, mtu mpole mwenye mkoba, aje kuwafundisha wakubwa namna ya kusimamia hatari za miradi. Alifundisha vizuri, kwenye hoteli yenye ubaridi wa kutetemesha meno, lakini alipofikia kiini cha somo wakubwa walikuwa wametoka kunywa chai. Waliporudi, sambusa mikononi, walimkuta kwenye sentensi ya mwisho:

"Kwa hiyo, waheshimiwa, kila hatari lazima iwe na mwenyewe."

Walipiga makofi mpaka sambusa zikapukutika. Hilo walilielewa. Suala la mwenyewe atapatikanaje lilikuwa limeelezwa wakati wa chai, na hakuna aliyetaka kumsumbua mgeni arudie. Wakaamua kwa njia waliyoijua tangu utotoni, ile ya watoto wanaokuta sarafu njiani: wa kwanza kuiona na kupiga kelele, yake. Ikawa sheria. Atakayeiona hatari na kuitaja kwa kinywa chake, hatari ni yake. Atapewa hati yenye mhuri. Na kwa kuwa mali haitelekezwi, atakaa nayo pale pale ilipo, yeye na jamaa yake, mpaka iishe.

Mzee Kunambi wa Mtaa wa Reli alimwambia jirani yake, "Angalia shimo!" Alikuwa na nia njema, masikini. Mpaka leo anaishi mle shimoni na mkewe na bata wao, na malori yanawapita juu kwa adabu. Jirani huwapelekea chumvi. Huidondosha tu, haangalii chini.

Haukupita mwaka, hatari zikaisha Shwari. Zikaisha kabisa! Wizara ya Hatari na Utulivu ilingoja taarifa, hazikuja. Wakaguzi wa majengo wakagawiwa miwani myeusi ya serikali, ile isiyopitisha hata jua. Mainjinia nao wakajizulia desturi yao. Injinia wa Shwari akiona jambo lisilomfaa, huinama papo hapo akafunga kamba za viatu. Ukipita kwenye eneo la ujenzi ukakuta watu wote wameinama, unajua jengo hilo limekaribia kukamilika.

*

Sasa, siku ya kuzaliwa ya Mlezi wa Taifa ilikuwa inakaribia, na ilipitishwa kwamba azawadiwe hospitali ya wazazi yenye ghorofa nyingi, ili siku akitaka kuzaliwa tena asihangaike. Kazi akapewa Bwana Limbanga, mkandarasi maarufu, shemeji wa kila mwenye saini. Nondo alizotumia zilikuwa nyembamba zenye haya. Saruji aliionyesha mchanga kwa mbali, vikasalimiana, ikatosha.

Injinia wa pale kazini alikuwa Pazi Lugome, mtu mwema ila ana macho mazuri, ugonjwa mbaya sana kuugua ukiwa Shwari. Asubuhi moja aliingia wodi ya chini akaukuta ufa kwenye nguzo kubwa ya katikati, ile iliyobeba ghorofa zote. Ulianzia sakafuni ukaishia darini, na ulikuwa mpana kiasi kwamba mjusi alikuwa anahamia humo na familia yake.

Pazi akainama akafunga kamba za viatu.

Angeendelea kufunga mpaka astaafu, kama wenzake, isipokuwa mchana wa siku ile ile lilibandikwa tangazo. Ili kuonyesha imani kwa ujenzi wa kizalendo, wazazi wa kwanza kulazwa watakuwa wake wa waliojenga. Siwema, mke wa Injinia Pazi, mimba yake ilikuwa imetimia. Amepewa kitanda cha heshima, katikati ya wodi, chini ya nguzo kubwa, mahali ambapo kamera zinapenda.

Hebu jiweke kwenye viatu vyake, hata kama kamba zimekwisha fungwa. Akinyamaza, mkewe atalala chini ya nguzo. Akisema, ufa ni wake, na mali ya mume ni ya nyumba nzima, kwa hiyo mkewe atalala chini ya nguzo akiwa na hati. Kukataa kitanda nako hakuwezekani, kwa sheria huko nako ni kutaja hatari kwa vitendo. Ilibaki njia moja tu: ufa utajwe na mdomo wa mtu mwingine.

*

Akaanza na mkandarasi.

"Bwana Limbanga, hebu tazama nguzo hii."

"Naitazama."

"Unaionaje?"

"Imesimama."

"Na hapa katikati?"

"Hapo nako imesimama. Yaani, injinia, imesimama kotekote." Limbanga akachekelea, akarekebisha mkanda chini ya tumbo. "Kwani wewe unaona nini?"

Swali hilo Shwari ni kama kumtolea mtu kisu. Pazi akainama.

"Funga, injinia, funga. Kamba zikilegea mtu huanguka. Na shemeji hajambo? Nasikia wamempa kitanda kizuri."

Lakini Limbanga hakuwa mjinga. Kesho yake mafundi waliizungushia nguzo ile mirunda, magogo mazito ya kuegemeza dari, wakayavika vitambaa vya rangi za bendera kuanzia juu mpaka chini. Likaandikwa bango: NGUZO ZA HESHIMA. Fundi mmoja aliuliza heshima hiyo inazuia nini. Hajaonekana tena, wanasema amepata kazi nje.

Pazi akamgeukia mkaguzi wa Wizara, Bi. Tunu Mgaza, aliyekuja kukagua huku ameshikwa mkono na dereva, maana ile miwani haikuwa na mchezo. Pazi akauchukua mkono wa mama huyo kwa upole, akauingiza kwenye ufa mpaka kiwiko.

"Bi. Tunu, hiki nini?"

"Mkono wangu."

"Umeingia wapi?"

"Kaka yangu," alisema Bi. Tunu, jasho likimtiririka chini ya miwani, "mimi nimeajiriwa kuona. Kupapasa si kazi yangu."

Akauchomoa. Pete yake ya ndoa ilibaki humo ndani. Hakuidai. Nyumbani mumewe alipouliza pete iko wapi, alimjibu kuwa wameachana.

*

"Wewe una nini?" Siwema alimuuliza mumewe, amejinyoosha mkekani na tumbo lake. "Juma zima unainama kufunga kamba za viatu."

"Zinalegea."

"Umevaa kandambili, Pazi."

Siwema alikuwa mwanamke wa kuuza samaki sokoni kabla hajaolewa, na muuza samaki huwa haambiwi kitu kimeoza, anajua.

"Ni kitu hicho ambacho ukinitajia kinakuwa chetu?"

Pazi akatazama ukutani.

"Basi usitaje. Nitakuuliza, wewe nyamaza tu. Kiko wodini?"

Kimya.

"Kiko juu ya kitanda changu?"

Pazi akafunika uso kwa viganja.

"Nimeelewa. Acha kulia, utanitia uchungu kabla ya siku." Akamvuta sikio, kama anavyomvutaga akimtania. "Nyie mliosoma mnahangaika kuwaonyesha watu. Watu wa nchi hii hawataki kuonyeshwa, wanataka kuulizwa. Mtu mkubwa muulize mbele za watu jambo ambalo hulijui. Hawezi kunyamaza hata umpige. Niachie mimi."

*

Siku ya ufunguzi bendi ilipigwa, na Waziri wa Hatari na Utulivu, Mheshimiwa Dakta Kitwana Mapande, aliingia wodini na joho lake la udaktari, ule wa kutunukiwa. Kamera zikamfuata. Wazazi walikuwa wamelazwa wamepangwa kama sahani, na katikati yao, chini ya Nguzo za Heshima, Siwema, uchungu ukiwa umemwanza tangu alfajiri, bakuli la uji mikononi.

"Ndugu wananchi!" alinguruma Waziri. "Hatari ni nini? Hatari ni maneno! Nchi za wenzetu zina hatari nyingi kwa sababu wana midomo mingi. Sisi tumeidhibiti hatari pale inapozaliwa, yaani kinywani! Leo hii mwananchi wa Shwari anaweza kupita chini ya kitu chochote kile, akiwa na amani ileile aliyokuwa nayo kabla hakijamwangukia!"

Makofi. Makofi yakatingisha dari, dari ikadondosha unga wa kijivu, unga ukatua kwenye uji.

"Mheshimiwa, shikamoo," alisema Siwema.

"Marahaba, mama! Sema, mama, usiogope, hii ni serikali sikivu."

"Mheshimiwa, uji wangu umeingia vumbi. Mimi muuza samaki, sikwenda shule. Vumbi linatoka juu peke yake, sijui linatokana na nini. Nikamwuliza nesi, hajui. Nikamwuliza injinia, hajui. Nikasema labda hakuna anayejua nchi nzima."

Waziri akatabasamu kwa kamera. Akainua kichwa, akachungulia katikati ya vitambaa vya bendera, kifua kikatanuka.

"Mama, elimu ni bahari! Hilo ni jambo dogo kabisa la kitaalamu. Huo ni ufa tu!"

Bendi ikanyamaza. Mpiga tarumbeta alibaki na mashavu yamejaa upepo. Mafundi wote waliokuwa wameinama waliinuka taratibu, na Pazi naye, kwa mara ya kwanza toka lile tangazo, akanyoosha mgongo.

Karani wa hati, ambaye alifuatana na Waziri kila aendako na mhuri wake kwapani, alijongea. Alikuwa mtu wa sheria, hakuwa na akili nyingine.

"Mheshimiwa," alisema kwa unyenyekevu, "hongera. Ni wako. Tuandike na majina ya mama watoto?"

Waziri alibadilika rangi, akarudi, akabadilika tena. Akatazama nguzo. Akatazama kamera. Na hapo hapo Siwema akapiga ukelele, manesi wakavuta pazia, na watu wote wakasimama kama wamegandishwa, Waziri akiwa chini ya ufa wake, mpaka kikasikika kilio cha mtoto.

Wanasema mtu mkubwa hukua zaidi akibanwa. Sijui wanasema wapi, lakini Dakta Mapande alikua pale pale.

"Nipeni mtoto!" alipaza sauti. Akampokea, bado amelowa, akamwinua kwa kamera. "Wananchi! Raia huyu amekuja duniani mikono mitupu. Je, serikali inaweza kumwacha hivyo? Haiwezi! Mimi si mchoyo. Ufa huu ninaoumiliki kihalali, leo hii, kwa moyo mmoja, ninamzawadia mtoto huyu, na jina ninampa Utulivu!"

Makofi, mama yangu! Wengine walilia kwa furaha. Karani akapaka wino kidole gumba cha mguu wa mtoto, akakigandamiza kwenye hati. Ilikuwa hati ndogo kuliko zote zilizopata kutolewa, na picha yake ilipendeza.

"Mheshimiwa," Siwema alisema kutoka nyuma ya pazia, sauti imekatika, "mtoto hata kitovu hakijakauka."

"Ndiyo vizuri, mama. Sisi wengine tulichelewa sana kumiliki vitu."

*

Basi wakakaa. Mtoto ndiye mwenye ufa, wazazi wake ndio walezi wa mali, na walinzi waliwekwa mlangoni wasije wakaitelekeza. Ufa ulikua haraka kuliko mtoto. Yule mjusi alihama na familia yake, naye hakuwa na hati ya kumzuia. Mirunda ilianza kulia, krr, krr, na nesi wa zamu akaleta redio ili sauti zichanganyike.

Pazi akamfuata karani wa hati, aliyekuja kuhakiki kama mali ipo.

"Karani, niulize kitu cha kisheria. Hatari huisha lini?"

"Ikishatokea," alijibu karani bila kufikiri. "Hatari iliyotokea si hatari tena, ni habari. Tunaifuta, mwenyewe yuko huru."

"Na mwenyewe lazima awe chini yake siku hiyo?"

"Lazima awe mkazi. Lakini akiwa ametolewa nje kuogeshwa, sheria haina neno. Umiliki hauzuii usafi." Karani akampiga begani. "Unauliza vizuri, injinia. Wenzako huwa wanalia tu."

Asubuhi iliyofuata, jua likiwa limekolea, Pazi alisimama katikati ya wodi akatangaza kwa sauti kubwa kwamba getini kunagawiwa khanga na sabuni, zawadi ya Mlezi wa Taifa, na zinakaribia kwisha.

Hamjaona mbio! Wazazi walitoka na dripu zao mikononi. Manesi waliwapita. Walinzi waliwapita manesi. Wagonjwa wa ghorofa za juu walishuka ngazi kama maji, na Bwana Limbanga, aliyekuwa amekuja kudai malipo ya vitambaa, aliwapita wote. Wodini ikabaki redio, inaimba.

Siwema alimfunga mtoto kwenye kitenge, akachukua beseni la kuogeshea. Mlangoni akageuka.

"Na wewe?"

"Tangulia. Nafunga kamba za viatu, nakuja."

Siwema alitazama miguu ya mumewe. Alikuwa amevaa kandambili.

Walitazamana. Mtoto akaanza kulia, akitaka maji yake. Siwema akatoka, hakukimbia, alitembea na beseni kichwani mpaka kwenye kivuli chembamba cha ukuta wa mbali, akapiga magoti, akaanza kumwosha mwanawe uso. Nyuma yake, ndani, nyundo iligonga, mrunda wa kwanza ukaanguka sakafuni. Halafu wa pili. Aliendelea kumwosha masikio. Halafu jengo lote likakaa chini, kama mtu mzima aliyechoka kusimama, na maji ya kwenye beseni yakawa ya kijivu.

*

Waziri alifika kabla vumbi halijatua, akapanda juu ya kifusi, pazuri kwa kamera.

"Ile hatari pekee iliyokuwa imesalia nchini leo imefungwa rasmi!" alitangaza. "Mwenye hatari ametoka salama salimini, tena msafi. Ninaambiwa kuna injinia chini hapa. Huyo hakuwa mwenye hatari, alikuwa mlezi wa mali, kwa hiyo takwimu zetu hazikuguswa!"

Mwaka ule Shwari ilipewa tuzo. Yule mtaalamu mpole alialikwa kuikabidhi, na safari hii naye alikaa kwenye chai mpaka ikaisha. Bwana Limbanga alipewa kujenga hospitali upya kwa mchoro ule ule, maana uzoefu tayari anao. Bi. Tunu alipita siku moja kwenye kifusi, akavua miwani, akatafuta pete kidogo, akaivaa tena miwani. Wananchi walilalamika, sikatai. Walilalamika kwa muda mrefu kuhusu zile khanga.

Kwa Siwema kilipelekwa cheti cha pongezi, chenye jina la mtoto. Aliuliza kama mumewe naye atapewa kaburi lake. Karani alifungua sheria, akaisoma pande zote, akamjibu kwa masikitiko kwamba marehemu hajataja kitu, na asiyetaja hana chake.

Utulivu alikua. Akatambaa, akasimama, akaanza kubwabwaja. Mama wa nchi nyingine huomba mtoto aanze kusema mapema. Shwari siku hizo ndizo mama halali usingizi. Wakati wa chanjo, Siwema alimpakata kwenye benchi la hospitali mpya, kwenye foleni ndefu ya akina mama, wodi ya chini, karibu na nguzo ya katikati. Kulikuwa na harufu ya rangi mbichi. Unga wa kijivu ulitua kwenye pua ya mtoto, akapiga chafya, akatazama ulikotoka. Macho alikuwa amerithi ya baba yake.

Akainua kidole. Akafungua mdomo, na uso wake wote ulikuwa na furaha ya mtu aliyegundua kitu.

Kiganja cha mama kikafika kwanza.

"Inama, mwanangu," Siwema alimnong'oneza, huku benchi zima likitazama sakafu. "Inama tufunge kamba za viatu."

Mtoto alikuwa pekupeku.